Mkono Unaoachia

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi mbele ya wazazi na vijana wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Columbus, Ohio. Wengi wenu mlikuwa zamu kazini mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe kwa ndugu zetu Wakristo. Vijana, hamjambo?

Mwezi wa kumi unakaribia, na kila ukifika mwezi wa kumi mji wetu huu hujaa farasi. Mmeyaona yale magari yanayokokota mabanda marefu kwenye barabara kuu ya 71. Mnajua yanakokwenda? Yanakwenda viwanja vya maonyesho vya jimbo, kwenye Kongamano la Farasi wa Kwota, linalofanyika hapa Ohio tangu 1967. Watu hutoka Texas, hutoka Kanada, hutoka Ulaya kuja kuliona. Sisi tunaoishi dakika kumi na tano kutoka hapo, wangapi tumewahi kuingia? Nyoosheni mikono. Naona mikono miwili, na mmoja ni wa mke wangu.

Basi leo nataka niwaingize. Nataka niwaeleze kazi ninayoifanya kila siku tangu alfajiri: kumlea farasi mchanga mpaka aingie uwanjani kwenye shindano liitwalo Starehe ya Kimagharibi, kwa Kiingereza Western Pleasure.

Kwanza farasi mwenyewe. Kwota maana yake robo. Mababu zake walikuwa wakishindanishwa umbali wa robo maili, kama mita 400 hivi, na kwa umbali huo hapakuwa na farasi wa kuwashika. Baadaye ndio waliochunga ng'ombe wa Texas na majirani zake. Chama chao kiliundwa 1940 mjini Fort Worth. Kwa hiyo ni farasi mwenye misuli, mwenye mbio kifuani mwake. Na shindano ninalowaambia habari zake linamtaka farasi huyo huyo aende polepole.

Wanaingia wengi kwa pamoja, pengine 15, pengine 20, wanazunguka uwanja kwa kufuata ukingo. Jaji amesimama katikati. Hakuna kuruka viunzi. Hakuna saa ya kupima mbio. Mtangazaji anaita mwendo, na farasi wote wanaubadilisha. Wanatembea. Wanakwenda matiti. Wanakwenda shoti, lakini shoti ya taratibu sana. Kisha wanageuka na kurudia yote kwa upande wa pili, na mwisho wanarudi kinyumenyume. Basi. Na hatamu zimelegea, zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Jaji anatafuta nini? Anatafuta farasi ambaye ukimtazama unasema: huyu, ningeweza kumpanda kutwa nzima nisichoke.

Ngojeni nitue hapo kidogo. Wanangu mliozaliwa hapa, mmesikia maneno niliyoyatumia? Matiti, kwa farasi, ni ule mwendo wa mapigo mawili, miguu ikienda kwa jozi za mkingamo. Shoti ni kukimbia. Na kwetu Lamu kuna telki, mwendo wa punda wa hatua fupi fupi za haraka, ambao ukimpanda hata chai haimwagiki. Hayo ni maneno yenu. Watu wakiwaambia kwamba Kiswahili hakina maneno ya farasi, waambieni wakawaulize watu wa pwani.

Sasa nawauliza. Starehe ya Kimagharibi, ni starehe ya nani?

Ukiwauliza wengi watakwambia ni ya mpandaji. Mimi miaka hii yote imenifundisha kwamba mpandaji hawezi kustarehe juu ya mnyama asiyestarehe. Nitalisema tena, kwa sababu ndilo lililonileta hapa: mpandaji hawezi kustarehe juu ya mnyama asiyestarehe. Polepole ziko mbili. Iko polepole ya mwenye nguvu na utulivu, na iko polepole ya mwenye hofu au maumivu. Kwa mbali zinafanana. Kwa karibu hazifanani hata kidogo.

Tuanze na umri. Tuna methali yetu, samaki mkunje angali mbichi. Naipenda kwa watoto. Kwa farasi nimeona ikifanya dhara. Chama cha Kwota humhesabu kila farasi umri wake kuanzia tarehe 1 Januari. Aliyezaliwa mwezi wa Mei 2022, ikifika Januari 2024 anaitwa wa miaka miwili. Hesabuni wenyewe: ana miezi mingapi? Ishirini. Na kuna mashindano ya farasi wa miaka miwili, yenye fedha nzuri, kwa hiyo kuna watu wanaomwekea tandiko akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mifupa ya farasi hukomaa kuanzia chini kwenda juu. Ya karibu na ukwato hutangulia, ya juu ya goti la mbele hufuata akiwa na miaka miwili na kitu, na ya mgongo huwa ya mwisho, akishapita miaka mitano. Na tandiko tunaliweka wapi? Mgongoni. Ndiyo maana ni lazima uhesabu kilo. Sisi tunashika kipimo cha asilimia 20: farasi wa kilo 400 asibebe zaidi ya kilo 80, na tandiko letu peke yake lina kilo 15 hivi.

Niwape habari za Asali. Kwenye karatasi zake ana jina refu la ukoo, lakini bandani tunamwita Asali, kwa rangi yake. Alikuja akiwa jike mchanga wa miaka miwili, macho makubwa, hakumwamini mtu. Mwenye mali alikuwa mama mmoja mwenye subira, Mungu ambariki, akaniambia chukua muda wako. Miezi miwili sikumpanda. Nilimpiga brashi. Nilimnyanyua kwato moja moja. Nilimzungusha kwa kamba ndefu, kushoto na kulia, nikamfundisha kusimama nikisimama.

Siku ya tandiko naikumbuka mpaka harufu ya maranda. Nilimpa kitambaa cha chini akinuse. Nikamwekea mgongoni, nikakitoa. Nikamwekea, nikakitoa. Mara kumi, mara kumi na tano. Kisha tandiko lenyewe, polepole, bila kuliangusha. Akalivumilia. Jambo zito ni mkanda wa tumbo. Kwa mnyama anayeliwa na simba, kitu kinachombana tumbo ni kifo. Nilifunga tundu la kwanza, mkanda ukiwa umegusa tu. Akajaza pumzi, akakakamaa, sikio moja kwangu, sikio moja nyuma. Nikasimama. Sikusema neno. Nikahesabu pumzi zake mpaka kumi na tatu. Hiyo ya kumi na tatu akaitoa yote, mdomo ukatafuna hewa, kichwa kikashuka. Nikafunga tundu la pili. Nikamtembeza hatua tano. Tundu la tatu. Kazi ya dakika moja ilinichukua karibu saa nzima. Lakini tangu siku ile mpaka leo, Asali hajawahi kuruka kwa ajili ya mkanda. Ile saa moja imenilipa mara elfu.

Hata kumpanda, siku ya kwanza nililala tu kifudifudi juu ya tandiko, nikashuka. Upande wa kushoto, kisha wa kulia. Kwa nini? Kwa sababu macho yake yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma kabisa ya mkia. Ukipitisha mguu, unapotea kwenye jicho hili, unatokea ghafla kwenye jicho lile, juu yake, mahali anaporukiwa na chui. Ni lazima ajue mapema kwamba mtu wa kushoto na mtu wa kulia ni mtu yule yule.

Jambo la pili, wazee wangu, nililifundishwa na baba yangu, Mungu amrehemu, na yeye hakupata kumgusa farasi.

Baba alikuwa na punda watatu pale Lamu. Mnajua Lamu haina barabara za magari. Mchanga, mawe, chokaa, vyote hushuka kwenye majahazi na kupanda mjini mgongoni mwa punda. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa na punda mpya, kijana, kasimama mdomoni mwa kichochoro, shogi, ule mfuko wa mgongoni, imejaa mchanga, haendi. Watu wa gati wanapiga kelele: mchape! Mimi navuta kamba kwa mikono miwili, mwili wote nimeuegemeza nyuma. Navuta, naye anavuta. Nani atashinda kati ya mtoto wa miaka tisa na punda?

Baba akaja akaichukua kamba. Akaikaza kidogo tu, kama mtu anayemshika mwenzake mkono. Akangoja. Punda akauegemeza uzito wake mbele. Hata hakunyanyua mguu, aliegemea tu. Papo hapo baba akailegeza kamba. Akaikaza tena. Punda akapiga hatua moja. Kamba ikalegea. Hatua mbili. Ikalegea. Tukaingia kichochoroni. Baba akaniambia, "Kamba ikikaza unauliza. Ikilegea unamjibu. Wewe umeuliza tangu asubuhi, hujamjibu hata mara moja."

Ndugu zangu, nimekuja Marekani, nimekaa na mafundi wakubwa wa farasi, nimesikia semina nyingi. Sijasikia jambo lililozidi hilo. Farasi hafundishwi na mkono unaovuta. Farasi hufundishwa na mkono unaoachia. Unaweka mguu ubavuni, anasogea kidogo, unautoa mguu. Unagusa lijamu, kile chuma cha mdomoni, analegeza taya, unafungua vidole. Ukichelewa sekunde mbili kuachia, umemfundisha jambo jingine. Ndiyo sababu farasi mchanga, wa miaka 5 kushuka chini, kanuni zinamruhusu apandwe kwa mikono miwili na lijamu laini yenye kiungo katikati. Akiwa mkubwa ndipo anapohamia kwenye lijamu nzito na mkono mmoja. Lakini lijamu ile nzito ni ya farasi anayejua tayari, wa kusemeshwa kwa kunong'ona. Ukimpa asiyejua, ni kumpigia kelele sikioni.

Na ile methali yetu nyingine, shukrani ya punda ni mateke? Mimi siikubali. Punda akipiga teke amesema. Kabla ya teke alilaza masikio, ukapuuza. Alitikisa mkia, ukapuuza. Alihamisha nyonga, ukapuuza. Teke ni neno la nne.

Sasa naja kwenye jambo lililo zito kwangu kulisema.

Nilipokuwa na miaka mitatu katika kazi hii, kwenye banda jingine, nilipewa dume mmoja aliyehasiwa, mwekundu, mzuri wa kutazamwa. Alikuwa wa miaka miwili kwa hesabu ya Januari. Mwenye mali alitaka aingie mashindano ya farasi wachanga msimu ule ule, na bosi wangu akakubali. Mimi nilijua ni mapema. Nilijua, na sikusema. Tulimpanda kila siku. Alikuwa na mbio nyingi kuliko tulivyotaka, basi kila alipoongeza tukamvuta. Kichwa kikashuka, kikashuka, pua ikaingia kifuani. Watu wakapita wakasema, ah, tazama alivyotulia.

Siku moja akaja fundi wa kwato, mzee wa hapa hapa Ohio, akasimama kwenye uzio huku mimi namzungusha farasi kwa shoti. Alikuwa amefumba macho. Akaniita. Akaniambia, usinionyeshe farasi, nimsikilize tu. Nikazunguka tena. Akasema, hesabu mapigo.

Hebu pigeni makofi pamoja nami. Shoti ya kweli ina mapigo matatu, kisha kimya. Mguu wa nyuma wa nje, yaani wa upande wa uzio, moja. Mguu wa nyuma wa ndani pamoja na wa mbele wa nje, wote kwa wakati mmoja, mbili. Mguu wa mbele wa ndani, tatu. Kisha kimya, na katika ule ukimya farasi yuko hewani, hakuna mguu uliogusa chini. Moja, mbili, tatu, kimya. Moja, mbili, tatu, kimya. Naam! Akina mama mmeshika kuliko wote, mnajua ngoma.

Farasi wangu alikuwa akipiga manne. Lile pigo la kati, la miguu miwili pamoja, lilikuwa limevunjika vipande viwili. Moja, mbili, tatu, nne, na ukimya haupo. Hakuwa akielea tena. Alikuwa akijikokota. Alikuwa hana nguvu nyuma ya kubeba mwendo mdogo namna ile, na sisi tulikuwa tumemzibia njia ya mbele. Ule niliouita utulivu ulikuwa uchovu. Wiki chache baadaye magoti ya nyuma yakavimba. Aliuzwa. Nilimfungulia mlango wa gari mimi mwenyewe, akapanda bila ubishi, na mpaka leo jambo hilo la kupanda bila ubishi linaniuma.

Mnaniuliza, basi polepole ya kweli hutoka wapi? Hutoka kwenye nguvu. Mtazameni mwanamke aliyezoea, na ndoo ya maji kichwani. Anakwenda taratibu, shingo imetulia, maji hayamwagiki. Je, anakwenda taratibu kwa sababu amechoka? La! Mchovu ndiye anayeyumba na kumwaga. Farasi naye ni hivyo hivyo. Kwa Asali sikuomba polepole kwa miezi mingi. Niliomba aende mbele, duara kubwa, mgongo ukiinuka. Nilimpandisha vilima. Nilimrudisha nyuma hatua chache, kisha mbele tena, ili nyonga zijifunze kubeba. Dakika 20, si zaidi, kisha anaachiwa malishoni na wenzake. Majira ya baridi yote alipumzika. Alipokuwa na miaka mitatu, asubuhi moja, mwendo ukapungua wenyewe bila mimi kugusa hatamu, na nilipofumba macho nikasikia matatu na kimya.

Kanuni za chama zenyewe ziko upande wa farasi katika hili. Kubeba kichwa chini mno, sikio likashuka chini ya kilele cha mabega, ni kosa. Pua kuingia ndani ni kosa. Kuonekana mchovu na mwenye huzuni ni kosa. Ila kanuni huhitaji macho ya kuzisimamia, na ndiyo maana nataka watoto wetu wajifunze kutazama.

Najua mzazi mmoja hapa anasema moyoni, haya ni mambo ya Wazungu. Ngoja nikuulize. Mashindano ya kwanza ya Kentucky Derby, 1875, yalikuwa na wapandaji 15. Weusi walikuwa wangapi? Walikuwa 13, na aliyeshinda alikuwa Oliver Lewis, mtu mweusi. Na huko Tennessee aliishi bwana mmoja, William Key, aliyezaliwa utumwani 1833. Alijifundisha mwenyewe utabibu wa wanyama. Alikuwa na mwanafarasi aliyezaliwa dhaifu, akamlea, akamwita Jim. Alimfundisha bila mjeledi, kwa subira na wema, na mwaka 1904 watu walijazana St. Louis, kwenye maonyesho ya dunia, kumtazama farasi yule na mzee yule. Mtu aliyeujua mjeledi wa wanadamu alikataa kumshikia mjeledi mnyama. Mkienda kwenye Kongamano mwezi ujao, ingieni mlangoni mkijua kwamba jamaa zenu walitangulia.

Asali aliingia uwanjani mara ya kwanza mwishoni mwa kiangazi, kwenye maonyesho madogo ya wilaya. Farasi 11. Mvua ikaanza juu ya bati, kishindo kama mawe. Nilikuwa juu yake, nikausikia mgongo wake ukikaza chini yangu. Farasi mmoja akatupita kwa karibu mno, tandiko likakwaruza buti langu. Kichwa cha Asali kikaruka juu. Kila kitu ndani yangu kilisema, vuta. Nikafungua vidole. Hatua moja, mbili, tatu, nne. Akapuliza pumzi kwa pua, kichwa kikarudi chini, tukaendelea. Jaji aliliona lile ruko la kichwa, ilikuwa haki yake kuliona. Tulipata nafasi ya nne. Yule mama mwenye farasi alikuwa kwenye uzio analia. Nilimtoa Asali tandiko, nikamsugua jasho kwa mafungu ya nyasi kavu kama baba alivyokuwa akiwasugua punda jioni, naye akauweka uzito wa kichwa chake chote begani kwangu, akafumba macho.

Sasa tangazo, kisha nikae. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, mwenye banda ameniruhusu nilete vijana 12, kila mmoja na mzazi wake. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, kandambili hapana. Msijipake manukato makali. Hamtapanda. Kuna jike mchanga wa mwaka mmoja na nusu, hajapandwa na mtu yeyote, na mwaka huu hatapandwa. Tutaingia uani wanne wanne, mtasimama, mikono chini, msimwite. Atazunguka kwanza kwa mbali. Akisimama, nanyi simameni. Akikufikia, mwache akunuse kiganja mpaka amalize.